Goti la Pembe

Miaka yote niliyosomesha historia hapa Bagamoyo sikuchoka kusimulia habari za pembe za ndovu: wapagazi waliozibeba begani kutoka Ujiji na Tabora, majahazi yaliyozivusha hadi Unguja, na huko Ulaya na Marekani zilikochongwa vibao vya kinanda na mipira ya biliadi. Kumbe ziliingia hata ndani ya goti la mtu. Hilo nililisoma uzeeni, nikisubiri kubadilishiwa langu.

Mwaka 1890, Wajerumani wakiwa wameshaikamata pwani hii, daktari Themistocles Gluck wa Berlin alimpasua binti wa miaka 17 ambaye goti lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu, akamtia bawaba ya pembe. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baadaye wagonjwa wake wakaanza kutoka usaha: viungo alivyovichagua vilikuwa na vijidudu tangu awali, na dawa ya kuviua haikuwepo. Bwana mkubwa wa upasuaji Berlin, Ernst von Bergmann, akamzuia asiyaeleze hayo kwenye kongamano la madaktari. Wako wanaomcheka Gluck. Mimi simcheki, maana hata kukishikiza kiungo mfupani kwa kitu mfano wa saruji alishakujaribu.

Bawaba za chuma zilizofuata nazo zilisumbua. Goti likikunjwa huteleza, hubiringika na kujizungusha kidogo; ukililazimisha lifuate njia moja tu, chuma hulegea mfupani. Mwaka 1968 Frank Gunston, Mkanada aliyekuwa kwa John Charnley, bingwa wa nyonga, kule Wrightington, Uingereza, aliiacha bawaba kabisa: chuma cha mviringo juu, plastiki chini, na kano za mgonjwa mwenyewe zikashika kazi yake. Miaka michache baadaye John Insall na wenzake New York wakatoa goti ambalo mengi ya leo ni wajukuu zake.

Daktari alinipa mfano niushike: kofia ya kobalti na kromu, inang'aa, nzito kuliko nilivyodhani, sahani ya chuma yenye mkia wa kuzama mfupani, katikati kipande cha plastiki nyeupe. Nilichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo maumivu sikuyasikia, lakini msumeno na nyundo nilivisikia vyote. Useremala mtupu!

Kesho yake akaja kijana wa mazoezi.

"Shikamoo mzee. Leo tunasimama."

"Marahaba. Leo hii?"

Tukasimama. Kukunja ndiko kulikonitoa machozi, kila asubuhi, mpaka tukafika digrii 90. Sasa naswali kitini, na choo cha kuchuchumaa tumeagana. Nilimuuliza daktari kitu hiki kitadumu muda gani. Akasema mengi hupita miaka 15, mengine hufika 20 na zaidi. Nina miaka 71. Nikamwambia basi, hapo tumeelewana.