Vita ya kutumiana barua: Fizi, 1965

Wandugu wasomi, wengi munajua niko mtu wa Lulimba, na munajua napenda mchezo wa vifaru. Siyo ile ya kukimbia na kufyatua ovyo. Ni Steel Panthers, mchezo wa mwaka 1995, unachezwa kwa zamu. Unasogeza vifaru vyako, unafunga faili, unaituma kwa imeli. Mwenzangu wa Uvira anaifungua akipata rezo, anacheza, anairudisha. Zamu moja inaweza kumaliza siku tatu. Kwetu rezo inakuja na kupotea, njo maana mchezo huu unatufaa. Mama aliniuliza: kwani vita hatujaiona ya kutosha?

Kucheza kwa mbali hakukuanza na imeli. Mwaka 1965 Bobby Fischer alialikwa Havana kucheza sataranji, ile tunaita eshek, kwenye mashindano ya kumkumbuka Capablanca. Serikali ya Marekani ikamkatalia kwenda Kuba. Basi akakaa kwenye klabu ya Marshall, New York, na kila hatua ikapita kwa teleksi. Kule Havana, mtoto wa Capablanca mwenyewe ndiye alimsogezea kete. Fischer akamaliza nusu pointi tu nyuma ya mshindi, Smyslov.

Sasa, Che Guevara, aliyesukuma yale mashindano yaanze mwaka 1962, hakuwa Havana. Alikuwa huku kwetu, kwenye milima ya Fizi, akiitwa Tatu.

Alikuwa ametua Kibamba, kando ya ziwa, tarehe 24 mwezi wa nne. Wakubwa wa maasi walikaa zaidi ng'ambo, na amri zao zilivuka maji kwa barua. Tatu alitaka kuanza na kambi ndogo, Katenga. Kabila akashikilia Bendera, penye baraji ya umeme, kusini ya Lulimba. Tarehe 29 mwezi wa sita wakashambulia. Wakuba wanne wakafa, na wapiganaji wa Rwanda pamoja nao. Daftari lililookotwa kwa maiti likafichua kama Wakuba wako Kongo. Kabila mwenyewe alifika Kibamba mwezi wa saba, akakaa siku chache, akavuka tena.

Mimi nikikosea, napoteza vifaru vya kwenye skrini na mwenzangu ananicheka. Tena ananingojea, hata juma nzima. Mike Hoare hakungoja zamu ya mtu: mwisho wa mwezi wa tisa mamluki wake walishuka Baraka kupitia ziwa, na tarehe 21 mwezi wa kumi na moja Tatu akavuka kwenda Kigoma.

Vitabu nilivyosoma vinataja mwenye kutuma barua na mwenye kupokea. Wale waliozibeba kwa miguu, kutoka ziwani mpaka juu milimani, sijaona majina yao. Kama una babu wa Lulimba, Fizi ao Baraka aliyezibeba, umuulize angali hai, kisha uandike hapa.