Chapati, Ndengu na Pilau: Chakula cha Kihindi katika Hoteli za Makutano

Chakula cha Kihindi kimeliwa Makutano kwa vizazi kadhaa bila kuuzwa kwa jina hilo. Ubao wa bei katika hoteli ya kawaida huorodhesha chapati, ndengu, pilau, samosa na chai ya maziwa, na hakuna mteja anayedhani ameingia kwa Mhindi. Katika eneo la Mlima Kenya, sehemu mbili huitwa Makutano. Ya kwanza ni njia panda ya Mwea, ambapo barabara ya Embu na Meru huiacha ile kuu ya Nairobi na Nyeri. Ya pili ni mtaa wa mji wa Meru wenye baa na hoteli nyingi. Zote mbili hulisha watu walio safarini, na historia ya sahani zao ni moja.

Historia hiyo huanzia kwenye reli. Kati ya 1896 na 1901, wakati njia ya reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, karibu vibarua 32,000 waliletwa kutoka India ya Waingereza, wengi wao wakiwa Wapunjabi. Walipaswa kulishwa vyakula walivyovizoea: unga wa ngano, mchele, dengu, samli na viungo. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi, alitajirika kwa kandarasi za kuwaleta watu hao na kuwapelekea vyakula. Mkataba ulipokwisha wengi walirudi kwao, na karibu 6,700 tu wakabaki. Wenye maduka waliokuja kuenea bara hawakuwa hasa vibarua hao, ingawa hivyo ndivyo husimuliwa mara nyingi. Wengi walikuwa watu wa Gujarati na Kutch waliojilipia nauli, wakafuata njia iliyofunguliwa na matajiri kama Allidina Visram, ambaye maduka yake yalipangana kando ya reli kutoka pwani hadi Uganda.

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya uliingia katika mtandao huo baadaye kidogo. Waingereza walifungua kituo cha utawala Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata. Ardhi ya nyanda za juu iliyotengwa kwa walowezi wa Kizungu haikuruhusiwa kuuzwa kwa Wahindi, na ile ya wenyeji ilikuwa hifadhi yao, kwa hiyo mtu wa Gujarati alibaki na njia moja: ploti ndani ya mji, duka la mabati mbele, makao na jiko nyuma. Aliuza chumvi, sukari, blanketi na majembe, akanunua mahindi, maharagwe, ngozi na ndengu. Mizigo ya Embu iliteremshwa stesheni ya Sagana. Reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, Meru nayo ikapata stesheni ya karibu zaidi.

Jiko la nyuma ya duka ndilo lililoleta harufu ya kitunguu kinachokaangwa na masala, lakini halikugeuka mkahawa. Sababu zilikuwa kadhaa. Wengi wa Waoshwali na Wapatel, jamii za Gujarati, hawakula nyama, na kwa wengi wao aliyepika na chombo alichopikia vilikuwa na uzito wa kidini. Mfanyabiashara aliyesafiri alilala na kula kwa ndugu au kwa mtu wa jamii yake. Chakula kilichotolewa hadharani kilitolewa bure na kwa ibada, kama kinavyotolewa mpaka leo kwa msafiri yeyote katika hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 kwenye njia ya Mombasa. Tena meza za kulia zenye vitambaa vyeupe zilikuwa za Wazungu. Pig and Whistle ya Meru na Izaak Walton Inn ya Embu zilijengwa kwa ajili ya maofisa, walowezi na wavuvi wa samaki wa mito ya mlimani, na ubaguzi wa rangi ulikuwa sehemu ya huduma. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba katika vilabu vya Wazungu nchini, mchuzi wa viungo wa mtindo wa India ulikuwa chakula cha mchana cha Jumapili, ukipikwa na mpishi Mwafrika kwa maelekezo ya watu waliowahi kutumikia dola huko Asia.

Hapo ndipo njia ya Makutano ilipoachana na ile ya Uingereza. London, Sake Dean Mahomed alifungua nyumba ya kulia vyakula vya Kihindi mwaka 1810, na mkahawa wa Veeraswamy ukaanza 1926. Huko mteja alikwenda kwa Mhindi, akakaa, akaletewa karatasi ya vyakula. Mlimani, chakula chenyewe ndicho kilichotoka jikoni kwa Mhindi kikamfuata mteja.

Waliokibeba walikuwa wa aina mbili. Kwanza ni wapishi na watumishi wa nyumba za Wahindi, waliojifunza kusukuma chapati kwa kuitwa wasaidie. Pili ni Waislamu waliokuwa wakiishi katika mitaa ya Majengo ya Meru na Embu, Waswahili na wengine, waliokuja na pilau, mahamri na sambusa za pwani, vyakula ambavyo tayari vilikuwa na karne za uhusiano na India nyuma yake. Hoteli za mwanzo za miji hii hazikuwa zaidi ya chumba kimoja, benchi, meza ndefu na sufuria juu ya moto. Fedha za kuzijaza zilikuja taratibu. Katika miaka ya 1930 serikali iliwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa, jambo lililokuwa limehifadhiwa kwa walowezi, na mkulima aliyelipwa na chama cha ushirika alianza kuwa na senti za chai siku ya soko. Unga wa ngano nao ulikuwa umepata kiwanda: kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka 1908 na Lord Delamere, mlowezi ambaye huenda hakuwaza chapati hata kidogo.

Badiliko lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana leo. Mapishi ya Wameru na Waembu yalitegemea kuchemsha, kuponda na kuchoma: mahindi na maharagwe, viazi vikuu, ndizi, nyama juu ya makaa. Kukaanga kitunguu katika mafuta kabla ya kitu kingine chochote, kisha nyanya, kisha bizari, kulikuwa mtindo mpya, na leo karibu kila mchuzi wa hoteli huanza hivyo, hata githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Chapati nayo ilibadilika njiani. Ile ya Gujarati ni nyembamba na hupikwa kavu, ilhali ya Makutano iko karibu zaidi na paratha ya Punjab. Unga hukandwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta, huachwa ulale, husukumwa, hupakwa mafuta, huviringwa na kusukumwa tena ili upate tabaka. Ni nzito na hushibisha, nayo humfaa dereva wa lori kuliko ile nyembamba. Ndengu zinazoandamana nayo zina asili ya India pia, lakini zile zinazofika mezani hutoka Mbeere na Tharaka, nyanda kavu zilizo chini ya barabara ya Embu na Meru, ambako ni zao la biashara.

Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, ilibana safari na biashara, kwa kuwa Waembu na Wameru waliwekwa pamoja na Wakikuyu chini ya pasi na vijiji vya lazima. Kipindi hicho hicho ndicho kilichoipa Makutano ya Mwea chakula chake mashuhuri. Kuanzia 1954, wafungwa wa Mau Mau walichimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Mwea, na mpunga ukashika bonde. Aina inayopendwa, inayoitwa pishori, ni basmati yenye ukoo wa Punjab. Basmati 370, mojawapo ya mbegu hizo, ilitolewa mwaka 1933 katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, ambacho leo kiko Pakistani. Wasafiri hununua magunia yake Ngurubani, mji wa Mwea, wakielekea nyumbani, na wengine hulalamika kwamba yamechanganywa na mchele wa Pakistani, lalamiko la ajabu kidogo kwa mchele uliotoka upande huo.

Baada ya uhuru wenye maduka walipungua. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo maalumu ya miji mikubwa, na mwaka 1968 maelfu walikimbilia Uingereza kabla ya mlango kufungwa. Waasia waliohesabiwa Kenya walikuwa zaidi ya 176,000 mwaka 1962, na karibu 78,000 mwaka 1979. Huko Uingereza, mji wa Leicester ulipata migahawa inayouza mihogo ya kukaanga kama chakula cha Kihindi. Meru na Embu zilibaki na majengo yenye baraza, ambayo mengi yalipata wamiliki wapya, na hoteli ambazo tayari zilikuwa za Waafrika ziliendelea bila kutikisika.

Leo anayetaka naani ya tanuri na kuku wa tandoori mara nyingi huvitafuta Nairobi, Westlands au katika Diamond Plaza ya Parklands. Makutano ya Meru, jioni, huuza bhajia za viazi na chips masala, chipsi zinazogeuzwa katika nyanya, pilipili na dania. Kwenye njia panda ya Mwea, ambako sasa inapita barabara pana ya Kenol, Sagana na Marua, matatu za Embu na Meru husimama kwa dakika chache, samosa huuzwa dirishani na chapo ndengu huliwa ndani kwa haraka, chai ikiwa bado moto.