Upanga wa paundi 74: je, ushindi unanunuliwa?

Nimekaa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeshaanza kuuliza kama boksi limenielemea. Boksi lipo, mgongo nao upo, tunamshukuru Mungu. Kilichoninyamazisha ni kesi ya hapa nyumbani kwangu, na nimeona bora niiandike mara moja kuliko kuisimulia kwenye simu kwa shangazi, kisha kwa kaka, kisha kwa baba mkwe.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa naangalia akaunti yangu ya benki nijue nitamtumia mama shilingi ngapi za mabati, nikakuta paundi 74 zimetoka kidogo kidogo, leo tano, kesho nane, keshokutwa kumi. Nikajua nimeibiwa. Kumbe mwizi alikuwa sebuleni, kakaa kwenye kochi langu, ana miaka 12 na jina la ukoo wangu. Namba ya kadi ilikuwa imebaki kwenye mashine tangu siku nilipomnunulia gemu lenyewe (jina lake nalihifadhi).

"Umenunua nini?" Nimenunua upanga, baba. "Uko wapi?" Akaninyooshea kidole kwenye skrini.

Nilifoka mpaka mama yake akaingia kati. Lakini kijana alisema neno moja lililonikaa kichwani zamu nzima ya usiku: "Baba, nilikuwa najua kucheza. Walipokuja wenye upanga wa kununua, kujua hakukusaidia tena." Basi nikaanza kusoma, kila nikitoka kazini, nijue mambo haya yalianzia wapi.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1978, hapa hapa Uingereza, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kutengeneza mchezo walioupa jina la MUD. Haukuwa na picha hata moja. Unaandika kwamba unakwenda kaskazini, kompyuta inakujibu kwa maandishi umefika wapi na umekutana na nani. Watu wengi waliweza kuwa ndani kwa wakati mmoja, na huyo ndiye babu wa magemu yote ya mtandaoni mnayoyaona leo. Duka la nguvu halikuwepo. Ukitaka kuwa mkubwa, cheza. Hata hivyo tusijidanganye kwamba pesa haikuwa na kauli. Miaka ya 1980, michezo hii ilipoingia kwenye huduma za Marekani kama CompuServe, watu walilipia kwa saa. Mwenye mfuko mnene alikaa ndani muda mrefu, na aliyekaa muda mrefu ndiye aliyekuwa na nguvu.

Mwaka 1997 ikaja Ultima Online, na mwaka 1999 EverQuest. Hapo malipo yakawa ya mwezi, sawa kwa wote, kama kodi ya chumba. Ungedhani haki imepatikana. Wapi! Wachezaji wenyewe wakaanza kuuziana silaha na dhahabu za ndani ya mchezo kwa dola za kweli kwenye mnada wa eBay. Mwaka 2001 mwanauchumi wa Marekani, Edward Castronova, alikaa akapiga hesabu ya biashara hiyo, akakuta pato la mkazi mmoja wa nchi ya kufikirika ya EverQuest linalingana na nchi kama Urusi au Bulgaria. Nchi isiyokuwepo, ndugu zangu! Huko China wakatokea vijana walioajiriwa kucheza kwa zamu, usiku na mchana, wakikusanya dhahabu ya kuwauzia wachezaji wa Ulaya na Marekani. Nao walikuwa wabeba boksi, boksi lao tu ndilo halikuonekana. Januari 2007 eBay ikapiga marufuku minada ya vitu hivyo, lakini biashara ilihamia vichochoroni.

Hapa lazima niseme ukweli, kwamba hoja ya wanunuzi si ya kijinga. Mwanafunzi ana muda, hana pesa. Mtu kama mimi nina visenti, lakini nikitoka kwenye zamu ya saa 12 sina nguvu ya kuua majoka 300 ndipo nipewe ngao. Wanauliza: kwa nini aliyepoteza muda asifiwe, na aliyelipa alaumiwe? Swali hilo lilinisumbua kidogo.

Lakini mambo yaligeuka pale wenye magemu walipoamua kufungua duka wao wenyewe. Korea Kusini na China zilitangulia: mchezo bure, vitu vya ndani kwa pesa. Mfano unaotajwa sana ni Zhengtu, mchezo wa China wa mwaka 2006 wa tajiri Shi Yuzhu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza dawa za kuongeza afya. Ndani yake ulinunua funguo za kufungua masanduku bila kujua utakuta nini, na kila siku aliyefungua mengi kuliko wote alipewa zawadi ya pekee. Matajiri wakawa wafalme, wasio na kitu wakawa wa kupigwa. Mwaka 2007 kampuni yake ikaingia kwenye soko la hisa la New York.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Zamani mnunuzi alichukua kitu ambacho mwenzake alikitolea jasho. Sasa mwenye uwanja ndiye anayeuza magoli. Na anayecheza bure si mgeni wa heshima kama anavyodhani. Yeye ni sehemu ya bidhaa, maana tajiri hawezi kufurahia upanga wake kama hakuna wa kumkata.

Si wote waliofuata njia hiyo. League of Legends ya mwaka 2009 ilikuwa bure, ikauza zaidi mavazi na mapambo. Team Fortress 2 ilifungua duka mwaka 2010, ikawa bure mwaka 2011, na mpaka leo inasifika kwa kofia. Kofia haipigi risasi. Duka lake liliuza na silaha pia, lakini silaha hizo mtu alizipata hata kwa kucheza tu. Na pale wachezaji walipohisi mstari unataka kuvukwa walisimama. Juni 2011, kwenye EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland, duka jipya liliuza miwani ya jicho moja kwa zaidi ya dola 60, na waraka wa ndani ukavuja ukijadili kuuza hata vitu vya kuongeza nguvu. Wachezaji walikusanyika na meli zao za angani kwenye soko kuu la mchezo, wakaanza kupiga mizinga sanamu iliyokuwa hapo. Maandamano kabisa! Kampuni ikaahidi kutouza vitu vya kumpa mtu nguvu kuliko mwenzake, na Oktoba mkuu wake akaomba radhi.

Kubwa kuliko yote lilitokea Novemba 2017. Kampuni ya EA ilikuwa inatoa Star Wars Battlefront II, gemu la kununuliwa dola 60, halafu ndani yake kuna masanduku ya bahati nasibu yenye kadi za kuongeza nguvu. Wachezaji walipiga hesabu wakasema kumpata Darth Vader bila pesa ya ziada kungechukua saa kama 40. Kampuni ilipojibu kwenye Reddit kwamba nia ni mtu ajisikie fahari kwa alichokipata, watu zaidi ya 600,000 walilipigia jibu hilo kura ya kulikataa. Siku moja kabla ya gemu kutoka rasmi, mauzo ya ndani yakasimamishwa, na mwaka 2018 yaliporudi yalikuwa ya mavazi tu.

Serikali nazo zikaamka, kila moja kwa mwendo wake. China tangu Mei 2017 inataka kampuni zitangaze uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo kwenye sanduku. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema wazi kuwa masanduku ya kulipia ni kamari. Uholanzi ilijaribu kuitoza EA faini ya euro milioni 10 kwa ajili ya FIFA, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya huko ikaifuta. Hapa Uingereza, Julai 2022, serikali iliamua kutobadilisha sheria ya kamari, ikawaachia wenye kampuni wajirekebishe. Mnajua maana ya kumwachia fisi bucha.

Wenzangu wa mtaani mtacheka, maana nimekumbuka chandimu yetu. Mwenye mpira hakuachwa nje hata kama mguu wake ulikuwa wa mbao, na akipigwa chenga mbili tatu anabeba mpira wake anakwenda kwao. Kwa hiyo tusiseme haya mambo yameletwa na Wazungu. Ila hata yule mwenye mpira ilibidi apige mwenyewe. Kipa hakuambiwa asogee kwa sababu baba yake ndiye aliyenunua. Na kwenye bao la babu chini ya mwembe, kete zilikuwa 64 kwa tajiri na kwa mvuvi, na babu aliwafunga wote wawili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kulipia mchezo ni haki, maana mashine na waliouandika wanataka kula. Kuuza mapambo sina ugomvi nako. Kuuza ushindi ni kuua mchezo, na kumuuzia mtoto kwa bahati nasibu ni kumfundisha kamari kabla hajaota ndevu.

Kijana wangu atalipa zile paundi 74 kwa kuosha gari na vyombo, tumeandikiana. Namba ya kadi nimeitoa. Nami nimemtafutia bao la mbao kwa Mswahili mwenzetu mmoja wa hapa mjini. Jumapili alinifunga mara ya kwanza, akaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Hakuniuliza hata siku moja upanga umeishia wapi.

Mama, mabati yako yanakuja mwisho wa mwezi, uniwie radhi. Wengine niambieni, huko mitaani vijana wanaocheza kwenye simu nao wananunua nguvu? Wasalaam, mpaka tutakapoonana tena panapo majaliwa.