Uwanja wa Songo Mnara

Nikisema natoka Songo Songo, mgeni huniuliza habari za magofu. Nami humjibu: magofu unayoyataka yako Songo Mnara, kusini ya Kilwa Kisiwani, sisi tuko kaskazini, tuna gesi na pweza. Lakini marehemu babu alikuwa mchoma chokaa, kwa hiyo siku nilipovuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko na kupita mikokoni hadi kwenye kuta zile, nilizitazama kwa macho yake.

Babu alinifundisha kwamba mawe ni ya aina mbili. La nchi kavu ni gumu na linakwaruza. Hilo hujengewa ukuta. La baharini, yaani tumbawe, hukatwa likiwa bichi chini ya maji na kuchongwa likiwa bado laini. Likikauka, patasi inagonga mwamba. Ndilo lililotoa mihrabu na miimo ya milango yenye nakshi Songo Mnara. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana kama mita 3 hivi, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake.

Mji huo ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Una nyumba za mawe zaidi ya 40 na misikiti kadhaa. Katikati pako wazi. Mimi nilidhani pameporomoka, kumbe waliokaa pale waliamua pasijengwe: waliweka msikiti mdogo, makaburi na kisima, nyumba zikazunguka.

Kuanzia mwaka 2009 wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones waliuchimba uwanja huo kwa subira, hata sehemu zisizo na jiwe. Walikuta alama za nyumba za udongo na miti, na kwenye makaburi walikuta sarafu za shaba na vijiwe vyeupe vilivyoachwa na waliokuja kuwakumbuka wafu. Sarafu za masultani wa Kilwa zilikuwa na maneno yenye vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Basi mtu alimwachia marehemu wake kipande cha shairi, mbele ya majirani wote.

Nenda sasa Kilwa Kivinje. Huko Wajerumani, enzi za ukoloni wao, nao walikuwa na mahali pao pa hadhara: mwembe. Mwaka 1895 walimnyonga hapo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, na watu wakapaita Mwembe Kinyonga. Mji wa Songo Mnara uliweka mahali pa wazi sala na wafu wake. Wakoloni waliweka kitanzi. Ukitaka kujua watawala wa mji, tazama walichokiweka pale ambapo kila mtu hupita.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakaingizwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta zina walinzi. Uwanja hauna ukuta wa kuonyesha, ndiyo maana ni rahisi kuusahau.

Kijijini kwetu nako pana mahali pa wazi: watoto wanacheza mpira, nyavu zinaanikwa, siku ya Idi tunasali. Mwaka juzi alikuja mtu na kamba ya kupimia, akisema eneo limekaa bure. Siku hizi tukisema kiwanja, tunafikiria cha kuuza. Uwanja ukishakatwa viwanja haurudi tena. Wenzangu wa visiwani, mkiitwa kwenye mkutano wa kijiji, nendeni, na mseme usiguswe.