Gobori na masizi ya baruti katika bonde la Tana

Baruti nyeusi haiungui yote ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki chembe ngumu. Nyingine hutoka mdomoni mwa bunduki pamoja na moshi mzito mweupe, nyingine hugandama ndani ya mtutu zikawa masizi. Katika bonde la Mto Tana, kuanzia gobori za wafanyabiashara wa pembe hadi bunduki za majeshi ya mwishoni mwa karne ya 19, masizi hayo ndiyo yaliyokuwa adui mkubwa wa shabaha.

Baruti hiyo hutengenezwa kwa shura, makaa na salfa, na shura peke yake huchukua karibu robo tatu ya mchanganyiko. Inapowaka, huacha chumvichumvi zinazovuta unyevu wa hewa, na kwa hiyo chuma huanza kushika kutu mapema. Lakini kabla ya kutu kuna tatizo jingine. Kila mlio hupunguza upana wa mtutu kidogo. Risasi inayofuata hushindiliwa kwa nguvu zaidi, msukumo wa hewa ya moto hubadilika, na bunduki iliyolengwa vilevile hupiga mahali pengine. Mwindaji aliyempata mnyama kwa risasi ya kwanza angeweza kumkosa kabisa kwa ya tano, ingawa mkono wake haukutetemeka.

Gobori zilifika Afrika Mashariki kwa wingi kupitia Unguja. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, bunduki zao kuukuu ziliuzwa kwa wafanyabiashara, na hao wakazileta pwani kubadilishana na pembe za ndovu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia huko kila mwaka. Kutoka pwani ziliingia bara pamoja na misafara. Hata hivyo Waata, wawindaji wa ndovu wa nyika za Tana, waliendelea kutegemea upinde mzito na mshale wenye sumu ya msunguti. Walikuwa na sababu nzuri. Mshale hauna mlio wala moshi, hauogopi umande, na mwenye upinde hahitaji kusafisha chochote kabla ya kutupa mshale wa pili.

Gobori ya kawaida haikuwa na mifereji ndani ya mtutu. Risasi yake ya duara ilifanywa nyembamba kuliko mtutu kwa makusudi, ili iendelee kuingia hata masizi yakizidi. Urahisi huo ulilipiwa kwa shabaha: risasi iligongagonga kuta za mtutu ikielekea nje, na upande iliogonga mwisho ndio ulioamua inakokwenda. Zaidi ya hatua mia hivi, kumpiga mtu mmoja kulikuwa jambo la bahati. Nafuu ilipatikana kwa kuifunga risasi kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, kikajaza nafasi iliyobaki na kulainisha masizi wakati wa kushindilia. Baruti ilipaswa kupimwa kwa kipimo kilekile kila mara, na mdeki kusukumwa kwa nguvu ileile hadi risasi ikae juu ya baruti bila pengo. Pengo hilo halikuharibu shabaha tu. Liliweza kupasua mtutu usoni mwa mpigaji.

Kisa kimoja cha Mto Tana kinaonyesha jinsi bunduki ya aina hiyo ilivyotegemea ukavu na usafi. Mwaka 1851 mmisionari Johann Ludwig Krapf alisafiri na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba wa Kitui, kuelekea Tana. Walishambuliwa karibu na mto, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini akiwa na kiu kali. Alipofika mtoni alikunywa, kisha kwa kukosa chombo akajaza maji katika kifuko cha ngozi cha darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na vipande vya nguo. Maji yalikuwa uhai wake, na uamuzi wake ulikuwa sahihi. Lakini tangu hapo hakuwa tena na silaha: baruti nyeusi iliyolowa haiwaki, na mtutu uliotiwa maji hauwezi kubeba risasi hadi ukaushwe vizuri.

Hali ya hewa ya bonde hili ilileta matatizo mawili yanayopingana. Bangale iko magharibi ya mto, katika nyika ya wafugaji wa Kiorma, kwenye njia ya Mwingi na Garissa. Huko mvua ni haba na jua ni kali. Katika hewa kavu namna hiyo masizi hukauka haraka na kuwa gamba gumu, na milio michache hutosha kuufanya mtutu ukatae risasi. Anayepiga mahali kama hapo hulazimika kupitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya mlio au miwili, au kutumia mafuta mengi zaidi. Ukiteremka mto kufika Garsen na delta, upepo wa bahari hulainisha masizi yenyewe, lakini baruti huvuta unyevu katika pembe au kopo lisilozibwa vizuri, na kutu huanza usiku uleule. Kwa hiyo mtu aliyezoea bunduki yake pwani hakuweza kupanda nayo hadi Bangale akaitunza vilevile na kutarajia shabaha ileile.

Bunduki zenye mifereji zilifanya suala hili kuwa gumu zaidi, kwa sababu mifereji ndiyo hasa inayoshika masizi. Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa jibu mwaka 1849: risasi ndefu yenye uwazi kitakoni, nyembamba wakati wa kushindiliwa, ambayo hupanuka kwa nguvu ya mlipuko na kuishika mifereji. Enfield ya Waingereza ya mwaka 1853 ilifuata njia hiyo. Martini-Henry, iliyopokewa mwaka 1871, ilijazwa kwa nyuma. Fataki, baruti na risasi vilikuwa ndani ya ganda moja. Baruti yake ilikuwa kama gramu 5.5 na risasi kama gramu 31, na kati yake kulikuwa na kipande cha nta ya nyuki. Nta hiyo iliyeyuka kwa joto na kulainisha masizi ya mlio uliotangulia. Ni ufundi mdogo unaostahili heshima, kwa kuwa kila risasi ilikuja na dawa yake ya kusafishia njia.

Wakati silaha za namna hiyo zilipofika Tana, siasa za huko zilikuwa zimechafuka. Sultani Ahmed wa Witu, karibu na delta ya mto huo, alikuwa amefanya mapatano na ndugu Denhardt wa Ujerumani mwaka 1885. Miaka mitano baadaye Ujerumani iliwaachia Waingereza eneo hilo, na mwezi Oktoba 1890 kikosi cha Admirali Fremantle kiliichoma Witu. Mwaka huohuo Mkataba wa Brussels ulipiga marufuku kuingiza bunduki zenye mifereji na zinazojazwa kwa nyuma katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa serikali na watu wachache walioruhusiwa. Gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara ziliruhusiwa kwa masharti. Mkataba ulitajwa kuwa wa kuzuia biashara ya watumwa, lakini matokeo yake yalikuwa kumwachia Mwafrika silaha yenye shabaha mbovu na baruti hafifu, huku dola zilizomtawala zikihamia kwenye silaha bora.

Baruti isiyo na moshi ilikuwa tayari imevumbuliwa na Paul Vieille nchini Ufaransa mwaka 1884. Waingereza walichelewa kidogo: bunduki yao ya Lee-Metford ilianza kwa baruti nyeusi iliyogandamizwa, na mifereji yake ilifanywa yenye kina kifupi na kingo za mviringo ili masizi yasishike. Cordite, baruti isiyo na moshi ya Waingereza, ilipoingia mwaka 1891, joto lake lilikula mifereji hiyo haraka, ikabidi ibadilishwe mwaka 1895. Umbo lililochongwa kwa ajili ya masizi halikufaa tena.

Hata hivyo bunduki za kale ziliendelea kupendwa. Katika miaka ya 1970, wapenzi wake wa Marekani walipata Pyrodex, baruti mbadala iliyobuniwa na Dan Pawlak, na baadaye nyingine kama Triple Seven. Hizi ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo Pyrodex hupimwa kwa ujazo uleule, wala si kwa uzito uleule. Triple Seven, yenye nguvu zaidi, hupunguzwa. Pyrodex ina pakloreti, ambayo huacha kloridi zinazokula chuma kwa kasi, na mtutu uliopigwa nayo huhitaji kuoshwa siku hiyohiyo. Utaratibu wenyewe ni ule wa zamani: maji ya moto yanayoyeyusha chumvi, kukausha hadi ndani kabisa, kisha mafuta. Kabla ya kupiga tena, mafuta hayo hufutwa, kwani yakibaki hulowesha baruti na kuipeleka risasi ya kwanza mbali na zinazofuata.