Nafasi ya Mkono Ndani ya Pua

Akitokea mzee hapa Msowero aonaye vizuri mbele yake lakini hujigonga mabega kwenye miimo ya milango, watu husema ni uzee. Huenda si uzee. Nyuma ya pua, chini ya ubongo, pana tezi ndogo kadiri ya punje ya njegere, imekaa katika kishimo cha mfupa ambacho wataalamu wa Ulaya walikiita tandiko la Kituruki. Juu yake hupishana mishipa ya kuonea, na kila ubavu hupita mshipa mkubwa wa damu. Tezi ikiota uvimbe hubana mishipa ya kuonea, na aghlabu kuona kwa pembeni ndiko kuanzako kupotea.

Njia fupi ni puani. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alieleza kutoa vinyama vya puani kwa ndoana, mgonjwa akielekezwa jua. Lakini ndani zaidi jua halifiki. Mwaka 1907 Schloffer, mjini Innsbruck, aliifikia tezi kwa kuifungua pua. Cushing wa Marekani akapita chini ya mdomo wa juu mara nyingi, kisha kufikia mwisho wa miaka ya 1920 akarejea kufungua fuvu. Dott wa Edinburgh hakuiacha njia ile. Guiot wa Paris akaipata kwake mwaka 1956. Mwaka 1997 Jho na Carrau wa Pittsburgh walieleza wagonjwa 50 waliopasuliwa kwa kijibomba chenye mwanga, kiingiacho puani.

Mwanga ukapatikana, ikabaki nafasi. Kijibomba na vyombo vya kukatia vyote hupita katika matundu mawili. Basi mabingwa hupima kwa vichwa vya maiti (jambo zito, na heshima ya maiti i palepale): ncha ya chombo huwekwa penye tezi, mkia wake ukasogezwa kila upande hata ukwame, alama zikatiwa, eneo likahesabiwa kwa milimita za mraba. Hukatwa kifupa cha ndani ya pua, wakapima tena. Kwangu mimi faida hii yaishinda hata ile ya taa. Kila mfupa ukatwao huongeza nafasi, lakini huweza kumwachia mtu pua kavu yenye magamba. Mafakihi wetu husema dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kipimo hiki humwonyesha mpasuaji mfupa upi wa lazima na upi uachwe.

Kwetu, madaktari wa MOI pale Muhimbili, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, wamekwisha kutoa uvimbe huu kwa puani. Kutoka Msowero ni kushika njia ya Dumila, Morogoro, hata Dar es Salaam. Mishipa ikibanwa muda mrefu, huenda nuru isirudi yote. Na daktari wa macho huanza kwa jambo jepesi: humfunika mgonjwa jicho moja, akasogeza kidole kutoka pembeni, akamwuliza amekiona wapi.