Nuru ya Ziwa, Baridi na Joto

Usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, mtu asimamaye ufukoni Mbita au katika kisiwa cha Rusinga huona juu ya maji mfano wa mji wa pili, taa nyingi zikielea na kuyumba. Si mji, ni wavuvi wa omena. Samaki hao wadogo huifuata nuru, na penye nuru ndipo wanaswapo. Riziki ya watu wengi waishio kandokando ya Ziwa Victoria yategemea taa hizo zisizimike kabla ya alfajiri. Kwa hiyo historia ya taa ni historia ya chakula na karo, nayo inalo fundisho: chombo kitokacho nchi ya mbali huja na masharti ya hali ya hewa ya huko, na mwenye kukitumia pasipo kuyajua masharti hayo hununua hasara.

Reli ya Uganda ilifika ziwani mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo. Baada ya hapo bidhaa za pwani zilipata njia nyepesi ya kufika kwetu, na mafuta ya taa yalikuwa miongoni mwake. Nyumbani iliwashwa koroboi, yenye moshi mwingi na nuru haba. Ziwani ilitakiwa taa yenye nguvu zaidi, na uvuvi wa omena kwa nuru ulipoenea katika miaka ya 1960, karabai ndiyo iliyoshika kazi. Taa hiyo hutiwa upepo kwa pampu, mafuta yakageuka mvuke na kuwaka kwa weupe mkali. Lakini karabai hula mafuta usiku kucha, na mafuta hununuliwa kila siku, samaki wapatikane au wasipatikane. Mvuvi aliyerudi na mtumbwi mtupu alirudi na deni.

Wakati huo umeme wa kubebwa ulikuwa umekwisha kujulikana duniani kwa muda mrefu. Alessandro Volta wa Italia aliutangaza uvumbuzi wake wa betri mwaka 1800, na mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akatengeneza betri ya risasi na asidi, iliyoweza kuisha na kujazwa tena. Betri ya namna hiyo ndiyo iliyokuja kwetu ndani ya magari. Katika miaka ya 1990, mtaani Kaloleni kama katika mitaa mingine mingi ya Kenya, betri ya gari ilikuwa pia chombo cha nyumbani, ikiendesha redio na televisheni ndogo isiyo na rangi. Ilipokwisha nguvu, ilibebwa kwa baiskeli au mkokoteni hadi kwa mwenye mashine ya kuijaza.

Nakumbuka betri ya nyumba yetu. Tuliitumia mpaka tone la mwisho, kisha tukaiacha tupu siku nyingi kwenye jua, nyuma ya nyumba ya mabati, tukingoja fedha za kuijazia. Haikumaliza mwaka. Tulimlaumu aliyetuuzia, kumbe makosa yalikuwa yetu. Betri ya risasi ikikaa tupu hufanya chumvi ngumu juu ya mabamba yake, na joto huizeesha: hukadiriwa kuwa kila nyuzi 10 zinazozidi nyuzi 25 hupunguza umri wake kwa nusu. Hayo hatukuambiwa na mtu, wala sisi hatukuuliza.

Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kule Mbita kituo cha nguvu za jua, ambako wavuvi waliweza kukodi taa za betri zilizojazwa mchana, badala ya kuchoma mafuta. Tangu hapo taa za betri zimeongezeka ziwani, na nyingi sasa hutumia betri za lithiamu. Betri hizo zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoziwezesha. Uzito wake ni mdogo kuliko ule wa risasi, nazo huvumilia kujazwa mara nyingi zaidi. Huko Ulaya na Marekani watu huzitia katika mashua na magari ya matembezi, na jambo wanaloonywa mno ni hili: usiijaze betri ya lithiamu penye baridi iliyo chini ya nyuzi 0.

Sababu yake yafaa kufahamika. Umeme unapoingia, chembe za lithiamu husafiri toka upande mmoja wa betri na kupenya katika matabaka ya grafiti ya upande wa pili. Baridi ikizidi, matabaka hayo huwa mazito kupokea. Ni mfano wa wageni wengi wanaofika kwa pamoja penye nyumba ambayo mlango wake hufunguka kwa shida. Wasioweza kuingia hulala barazani. Lithiamu iliyokosa nafasi hugeuka madini matupu juu ya grafiti, isirudi yote kazini. Nguvu ya betri hupungua daima, na madini hayo yaweza kuota kama miiba, yakagusa upande wa pili na kuleta moto. Ajabu ni kwamba betri hiyo hiyo yaweza kutoa umeme katika baridi. Kupokea ndiko kunakoidhuru. Januari 2024, baridi kali ilipoupiga mji wa Chicago, magari mengi ya umeme yalikwama katika vituo vya kujazia, kwa kuwa betri zilizopoa hazikukubali kupokea umeme kwa kasi.

Je, onyo hilo latuhusu sisi? Kisumu haijui jalidi. Lakini Kenya si Kisumu peke yake: katika kambi za juu za Mlima Kenya maji huganda usiku, na mashambani Kinangop jalidi huonekana alfajiri. Huko, betri iliyolala nje haifai kujazwa kabla jua halijaipasha moto. Kwetu ziwani hatari imegeuka upande. Betri nyingi za lithiamu huwekewa mpaka wa kujazwa usiozidi nyuzi 45, na betri iliyofungiwa ndani ya kisanduku cheusi, ikaachwa juu ya mtumbwi saa saba mchana, yaweza kuupita mpaka huo upesi. Mtu asomaye maelezo ya nchi za baridi na kuyafuata neno kwa neno ataifunika betri yake ili isipoe, au atalipia zaidi betri yenye kifaa cha kuipashia moto, ilhali alichohitaji ni kivuli na upepo.

Wazee wetu walijifunza karabai kwa kuungua vidole, na wazazi wetu walijifunza betri ya risasi kwa kutupa fedha. Nanyi, vijana mnaosoma kurasa hizi, mna nafasi ya kujifunza kwa gharama ndogo zaidi. Betri ya lithiamu ni ghali kwa mvuvi. Huenda ameinunua kwa mkopo, na kufa kwake mapema humrudisha kwenye mafuta na deni. Ikiwa baba au mjomba wako anayo, msomee maelezo yake. Kisha mwulize pale inapojaziwa pana joto kiasi gani, na uihamishie kivulini.